Steringi na sikio la bibi kizee

Siku nyingi sijaandika, madesa yalinibana kweli kweli. Leo nayaweka pembeni kidogo maana kuna ubishi unaendelea hosteli wiki nzima sasa, na mimi nimechoka kuusikiliza kimya kimya.

Ubishi wenyewe mnaujua. Nani mkali, Superman au Thor? Hulk akikutana na Darth Vader inakuwaje? Iron Man akivua lile vazi lake si anabaki tajiri tu kama matajiri wengine? Watu wanabishana mpaka saa nane za usiku utadhani wanagombea uspika wa bunge. Na hoja ya kila mtu ni ile ile moja: nguvu. Nani anabeba kizito zaidi, nani anaruka mbali zaidi, nani hafi.

Mimi ni mpenzi wa hizi picha, tena mpenzi haswa. Vyombo vya anga vinavyopigana katikati ya nyota, watu wenye nguvu zisizo za kawaida, zote naangalia, nzuri na mbovu. Lakini kwa mtazamo wangu tunazipima kwa kipimo kibovu. Kama kigezo ni nguvu, basi mwandishi yeyote anaweza kuamka asubuhi akaandika steringi wa kuinua jua kwa kidole kimoja, mjadala ukaisha. Kipimo bora kipo, na hatuna haja ya kukiagiza Marekani. Kipo hapa hapa, njia ya kwenda Kisesa, kwa wale mliowahi kufika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora.

Nazungumzia hadithi ya Masala Kulangwa. Waliokulia Usukumani wanaijua toka utotoni. Kwa wale wa kutoka mikoa mingine naisimulia kwa kifupi. Kila msimulizi ana toleo lake, ila mifupa yake ni hii.

Kulikuwa na dude linaitwa Shing'weng'we. Dude hilo likameza watu wote wa nchi, likameza na ng'ombe na mbuzi wao. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyekuwa amejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. (Walimu wenzangu watarajiwa, hebu oneni jina hilo: masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa.) Mtoto akakua, akamwuliza mama yake: mayu, mbona tupo wawili tu, wenzetu wako wapi? Mama akamweleza. Kijana akaanza kuwinda. Akarudi na panzi: mayu, huyu ndiye Shing'weng'we? Hapana mwanangu. Akarudi na ndege: ni huyu? Hapana. Akawa analeta mnyama mkubwa zaidi na zaidi, mpaka siku alipokutana na dude lenyewe, akaliua. Akalipasua tumbo. Watu wote wakatoka wakiwa wazima.

Hollywood wangeishia hapo. Muziki unapanda, steringi kasimama juu ya jiwe, upepo unapeperusha koti, majina ya waigizaji yanaanza kupita.

Wasukuma hawakuishia hapo. Wakati kijana anapasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wanashangilia, ngoma zinapigwa, bibi kakasirika. Sikio langu! Akataka kumroga kijana wa watu. Na huyo Masala Kulangwa, aliyeua Shing'weng'we, mkombozi wa nchi nzima, ikabidi ahangaike na sikio moja la bibi mmoja. Akatafuta dawa, akamtibu. Mambo yalipotulia ndipo akawa mtemi wao.

Jamani, fikirieni hilo kidogo. Kimahesabu yule bibi hana hoja. Bila kijana angekuwa bado yuko tumboni. Watu kibao wameokolewa, na yeye mwenyewe yumo, halafu analalamikia sikio? Lakini wazee wetu waliona hadithi haijakamilika bila malalamiko yake. Naona walielewa kwamba kisu kinachookoa bado ni kisu, na kwamba aliyekuokoa hajapewa ruhusa ya kukukata. Halafu wakaweka na utaratibu: utemi unakuja baada ya kutibu, hauji baada ya kuua.

Kipimo changu ni hicho. Kila picha ya steringi naiuliza swali moja: sikio la bibi liko wapi? Wale walioumia wakati dunia inaokolewa, picha inawakumbuka au inawaruka? Anayesomea ualimu hawezi kuona kitu asikisahihishe, kwa hiyo kalamu nyekundu hii hapa.

Tuanze na Star Wars ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977. Naipenda, sifichi. Lakini Dola inalipua sayari ya Alderaan, sayari nzima, huku Leia ambaye ni binti wa hapo analazimishwa kutazama. Muda si mrefu mzee Obi-Wan anauawa. Anayefarijiwa ni nani? Luke, aliyekaa karibu na yule mzee siku chache tu. Anayemfariji ni nani? Leia! Yaani aliyefiwa na nchi nzima ndiye anambembeleza aliyefiwa na mzee mmoja. Kwetu huku aliyefiwa ndiye anayekaa kwenye mkeka, wengine wanamjia. Alderaan wamemezwa, na hakuna hata aliyewekewa tanga. Gredi C, na hiyo C ni kwa ajili ya zile meli zinavyopigana mwishoni.

Man of Steel ya 2013. Superman na Zod wanapigana, nusu ya mji wa Metropolis inalala chini. Maghorofa yanaanguka na watu ndani. Na kabla hata pambano la mwisho na Zod halijaanza, Superman na Lois wanabusiana juu ya majivu. Duh! Watu wako chini ya vifusi, nyie mnabusiana. Gredi F, arudi kufanya sapu.

Na sapu waliifanya, lazima niwe mkweli. Mwaka 2016, Batman v Superman inaanza na lile lile pambano, safari hii likionekana kutoka chini, kwa macho ya Bruce Wayne anayekimbilia kwenye vumbi, na kuna mfanyakazi wake aliyepoteza miguu. Picha yenyewe ina matatizo mia moja, lakini dakika zile za mwanzo ni bibi kizee anaongea. Sapu kapasi. Halafu ikaja Superman ya James Gunn ya Julai 2025. Jamaa yuko katikati ya pambano na dude kubwa, anasimama kuokoa kindi. Kindi, wale wa kwenye miti! Najua wengi wenu mlicheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekumbuka kindi katikati ya vita hawezi kusahau sikio la bibi. Gredi A.

Sasa ile inayoniuma kuliko zote: Avengers: Age of Ultron ya 2015. Hulk anachanganyikiwa, Iron Man anamfuata, wanapigania katikati ya Johannesburg. Mji wa Afrika, mchana kweupe, watu wako kwenye shughuli zao. Ghorofa moja liko njiani, na Tony Stark anauliza mitambo yake inaweza kulinunua kwa haraka kiasi gani, ili amgongeshe Hulk kwenye jengo lililo mali yake. Sinema nzima inacheka. Baada ya hapo mashujaa wanakwenda kujificha shambani kwa Hawkeye, wamehuzunika, wanapasua kuni. Na Johannesburg? Sentensi moja tu, kwamba mfuko wa misaada wa Stark umeshafika. Basi. Hatuoni sura hata ya mama mmoja wa Johannesburg akisema neno. Yaani bibi kakatwa sikio, katumiwa bahasha. Gredi F, na sapu sitoi.

Marvel wenyewe naona walisikia aibu kidogo, maana mwaka uliofuata wakatoa Captain America: Civil War, ambayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni kesi ya sikio. Nchi 117 zinasema inatosha, hawa watu wawekewe sheria. Mama mmoja anamfuata Tony Stark na picha ya mwanaye aliyekufa Sokovia. Adui wa picha ile, Zemo, ni mtu wa kawaida aliyefiwa na familia yake wakati dunia inaokolewa. Hana nguvu yoyote, ana msiba tu, na kwa msiba huo akawagawanya mashujaa wote. Nzuri sana. Lakini nina alama ya kukata. Kisa chote kinawashwa na mlipuko wa Lagos. Mama anayepewa nafasi ya kusema ni wa kijana wa Kimarekani. Mfalme wa Wakanda anawasemea Wawakanda waliokufa pale. Wanaijeria waliokufa kwenye mji wao wenyewe nani kawasemea? Kimya. Gredi B.

Black Panther ya 2018 ndiyo wengi mnaipenda, na mnasema ni kwa sababu ya mavazi na ngoma na weusi wetu. Sawa, Ruth E. Carter alistahili ile Oscar yake ya mavazi. Lakini mimi nasema picha ile ina nguvu kwa sababu Killmonger ndiye sikio lenyewe. Mwaka 1992 mfalme anamuua ndugu yake Oakland, kisha anaondoka kimya kimya akimwacha mtoto wa marehemu. Nchi imelindwa, siri imelindwa, mtoto katupwa. Mtoto huyo anakua, anarudi, anadai. Na T'Challa, japo anamshinda, hamalizi kwa kushinda. Kabla ya pambano la mwisho alishamlaumu baba yake na mababu zake huko waliko, na baada ya ushindi anarudi Oakland pale pale kwenye jengo lile lile. Kaenda na dawa. Gredi A bila ubishi.

A nyingine naipa Spider-Man: No Way Home ya 2021. Kijana anaambiwa awarudishe maadui zake kwao wakafe. Anagoma, anataka awatibu kwanza. Anawatibu kweli, na gharama yake ni kumpoteza shangazi yake na kusahaulika na dunia nzima. Na A ya mwisho ni Andor, ile tamthilia ya Star Wars ya 2022 na 2025. Hakuna upanga wa mwanga mle, hakuna mteule. Kuna mafundi vyuma, mahabusu, watu wa mtaani, na msiba wa mama mmoja ambao wanauzika kwa heshima mpaka mazishi yanageuka maandamano. Miaka 45 baada ya Alderaan, Star Wars imejifunza kuweka tanga.

Sasa mtaniuliza, na sisi tuko wapi kwenye hizi picha?

Tupo, tena karibu kuliko mnavyodhani. Ta-Nehisi Coates alipoanza kuandika vitabu vya katuni vya Black Panther mwaka 2016, ramani yake iliiweka Wakanda kwenye ziwa letu hili, Ziwa Victoria. (Ramani za kwenye picha zinaisogeza kaskazini, upande wa Ziwa Turkana. Wakanda inahama kama kambi ya dagaa.) Lupita Nyong'o, aliyecheza Nakia, ni Mjaluo, na baba yake alikuwa gavana wa Kisumu wakati picha inatoka, mji wa ziwa hili hili tunalovua sangara. Lupita huyo huyo ndiye Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa kwenye Star Wars ya 2015. Na kabla yake, mwaka 1983, kwenye Return of the Jedi, yupo rubani msaidizi anayeitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Waandaaji walitaka lugha ya sayari ya mbali, yeye akaongea Kikalenjin na Kikikuyu. Dunia nzima ikasikia lugha ya ajabu ya angani. Wakikuyu wakasikia Kikikuyu.

Nacheka nikikumbuka hiyo, ila kicheko kina mwiba. Ramani yetu ipo, sura zetu zipo, lugha zetu zipo, lakini mara nyingi kama pambo la mbali. Hata Wakanda wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini, si lugha ya ziwani. Sisemi ni dhambi. Nasema kuwepo kwenye picha siyo sawa na kusikilizwa kwenye picha.

Anayetusikilizisha ni mwingine kabisa. Wengi wetu hizi picha hatukukutana nazo kwa Kiingereza. Tulikutana nazo kwenye banda la video, benchi la mbao, spika inakoroma, kwa sauti ya mtafsiri. Mzee wa kazi hiyo hapa Tanzania alikuwa Lufufu, jina lake Derek Mukandala. Kenya wana DJ Afro. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wanaitwa VJ, na VJ Jingo anatafsiri kwa Kiganda. Wasomi huwa wanawacheka hawa watu, eti wanapotosha. Wanapotosha ndiyo, na ndiyo raha yake! Mtafsiri haogopi steringi. Steringi akirusha gari, mtafsiri ndiye wa kwanza kuuliza gari la watu hilo, mwenyewe ataenda kazini na nini. Mpita njia akianguka, mtafsiri anampa jina, anampa ukoo, anamwonea huruma, kisha ndipo anarudi kwenye mapigano. Hollywood walimsahau bibi, mtafsiri akamrudisha kwenye picha kwa kipaza sauti. Ile ilikuwa kazi ya uhakiki, na ilifanywa na watu ambao hakuna chuo kilichowaita wahakiki.

Najua kuna mtu keshachoka, anasema: kaka, hizi ni burudani tu, unazipa uzito wa bure. Hoja hiyo naiheshimu, lakini siikubali, na sababu ya kutokuikubali ni hapa tulipo.

Kwenye ziwa hili kuokoa watu siyo hadithi. Daladala ya kwenda Kisesa inapita Igoma, na Igoma ndiko walikozikwa wengi waliokufa kwenye MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa imezidisha abiria. Ikabaki inaelea, tumbo juu, na ndani watu wakisikika wanagonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwenye tundu lile, meli ikazama. Walikufa zaidi ya watu 800.

Sitaki kumlaumu aliyeshika mashine siku ile. Alisikia watu wanagonga, akafanya ambalo yeyote kati yetu angetaka lifanyike. Ninachosema ni kwamba watu wa kanda hii hawahitaji Marvel kuwaeleza kwamba mkono unaookoa unaweza kuumiza. Walikuwa na tumbo lililopasuliwa kwenye hadithi, wakapata na tumbo lililopasuliwa kwenye maji.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko cha watu 101, waliokufa peke yao wakapita 220. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ikaangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19, wakapona 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na sote tuliona zile picha za watu ufukweni wakivuta kamba. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, taifa likamwita shujaa, akapewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza apewe kazi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baadaye yakaja mabishano ya nani hasa alifungua mlango wa ndege.

Mabishano yale yalinifundisha kitu kuhusu sisi watazamaji. Tulitaka steringi mmoja. Tumezoeshwa hivyo na picha. Kumbe siku ile walikuwa wengi: wavuvi, wahudumu wa ndege, abiria wenyewe, wavuta kamba. Na tulipompata steringi wetu tukapiga makofi, maana makofi ndiyo ishara kwamba picha imeisha. Sasa nani alibaki kuuliza kwa nini mtumbwi wa mvuvi ndio uliwahi? Nani alibaki kuuliza habari za maboya, za boti za uokoaji, za kivuko kubeba watu mara mbili ya kiwango chake? Wale 19 ni sikio la bibi. Wale wa Ukara ni sikio la bibi. Wa Igoma vile vile.

Ndiyo maana siiti burudani tu. Mtoto akiangalia picha 50 ambazo mwisho wake ni ushindi na busu, anafundishwa lini pa kupiga makofi na lini pa kuondoka. Akiangalia picha inayokaa na bibi mpaka apate dawa, anafundishwa kwamba baada ya makofi kuna kazi. Mimi nitasimama mbele ya darasa siku si nyingi. Muulize leo mtoto wa darasa la tano habari za Thanos, atakupa ukoo wake mzima na idadi ya mawe yake. Muulize Masala Kulangwa. Halafu rudi uniambie.

Wala sisemi tuache za kwao. Nitaendelea kuziangalia mpaka flashi yangu ife. Nasema tuwe na zetu pia, na majirani wameshaanza. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, picha fupi ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, na steringi wake ni dada anayemwaga jasho lake mwenyewe kukuza mche mmoja. Super Sema, katuni ya binti shujaa iliyotengenezwa Kenya, ilitoka 2021 na Lupita ni mmoja wa waandaaji wake wakuu. Mwaka 2023 ikaja Kizazi Moto, picha fupi kumi za katuni za Afrika ya kesho. Raymond Malinga wa Uganda kaweka wachunga ng'ombe wa zama zijazo, Ng'endo Mukii wa Kenya kaweka binti wa kimungu anayeitwa Enkai. Watengenezaji wametoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Jina la mfululizo ni la Kiswahili... na Tanzania haimo. Tumetoa jina tu. Hiyo inauma, semeni ukweli.

Hadithi si kwamba hatuna. Pwani wana Fumo Liyongo, jitu la vita ambalo silaha haziliwezi isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Karne nyingi kabla ya Superman kupewa udhaifu wake! Na angalieni kinachofuata: Liyongo anafia kisimani akiwa kapiga goti na upinde mkononi, watu wanadhani yu hai, wanaogopa kwenda kuteka maji. Msimulizi kafa na shujaa wake, lakini hakusahau kwamba mji una kiu. Ni jamaa mmoja na wale wa sikio la bibi.

Siku moja mtu ataitengeneza Masala Kulangwa. Labda ni mmoja wenu mnaosoma hapa. Atatafuta hela, na mwenye hela atakaa chini na maandishi, atafurahia Shing'weng'we, atafurahia pambano, atataka mawe ya Mwanza yaonekane kwa juu jua linazama. Halafu atafika ukurasa wa bibi. Atasema hii inapunguza kasi, watu wameshashangilia, bibi wa nini tena? Mkate.

Ndugu yangu, siku hiyo usikubali. Kata pambano ukitaka, punguza dude liwe dogo kama bajeti yenyewe. Bibi abaki, na sikio lake, na hasira zake, na kijana akihangaika porini kutafuta dawa huku wenzake wanacheza ngoma. Hapo ndipo tutakuwa na picha ambayo Marvel hawana.

Naomba kuwasilisha. Wenye gredi tofauti leteni, ila mje na sababu. Na kwa Age of Ultron nimeshasema, sapu hakuna.